Shahidi wa Magunia Yaliyolowa

BWANAHERI: Haloo, ushirika wa korosho. Nani mwenzangu?

ESPERANCA: Shikamoo, Bwana Katibu. Ni Esperanca, mshona magunia wa bandarini. Napiga kutoka posta, Mtwara.

BWANAHERI: Marahaba, Mama Graca. Sema kwa nguvu, simu inakwaruza. Tiketi ya ndege umeipata? Kesho asubuhi wasuluhishi wanakungoja hapa Dar es Salaam.

ESPERANCA: Nimeipata. Lakini si— [mkwaruzo] —siji.

BWANAHERI: Huji? Mama Graca, wanunuzi wa ng'ambo wameshikilia kwamba korosho zilipakiwa zimelowa. Wewe ndiye uliyeona. Ndege ya Wareno ilipopita, mabaharia wakakimbia, wakaacha tumbo la meli wazi kwenye mvua—

ESPERANCA: Josephu mpakiaji naye aliona.

BWANAHERI: Josephu amehama. Hata mkewe hajui alipo.

ESPERANCA: Basi na kwake walifika.

BWANAHERI: Nani?

ESPERANCA: Jana alikuja mtu nyumbani Likombe. Kavaa vizuri, mpole. Akanisalimu kwa Kireno. Akasema ameniletea salamu za mama.

BWANAHERI: Mama yako si yuko ng'ambo ya Ruvuma?

ESPERANCA: Yuko kule. Akaniambia mama anakohoa siku hizi. Mlango wake ameupaka chokaa. Halafu akasema, wazee wanapenda utulivu, na mimi nina kazi nyingi, ya nini kusafiri?

BWANAHERI: ...Alikutisha?

ESPERANCA: Hapana. Alikunywa maji, akashukuru, akaenda zake.

BWANAHERI: Polisi umewaambia?

ESPERANCA: Niwaambie nini? Kwamba mtu kaniletea salamu?

BWANAHERI: Sikiliza. Pengine nitawaomba wasuluhishi jina lako lisitaj—

ESPERANCA: Watakubali?

BWANAHERI: Hawatakubali. Wakili wa wanunuzi ana haki ya kukuona na kukuuliza. Ndivyo tulivyopatana.

ESPERANCA: Mume wangu Domingo ameondoka alfajiri. Kaenda na lori la Kilambo, avuke Ruvuma amlete mama. Nilimwambia asubiri, hakunisikia. Akirudi naye salama, nitapanda hata ndege ya kesho ku— Haloo?

BWANAHERI: Nipo. Nitaomba waahirishe.

ESPERANCA: Ngoja.

BWANAHERI: Nini?

ESPERANCA: Watu wanakimbia nje.

BWANAHERI: Mama Graca?

ESPERANCA: Ni ndege. Naisikia... iko juu sana. Imetupita.

BWANAHERI: Inaelekea wapi?

ESPERANCA: Kusini. Mtoni.

BWANAHERI: Huenda ni ya kwetu.

ESPERANCA: Ya kwetu wangeikimbia?

BWANAHERI: [mkwaruzo] —usije kesho. Umenisikia? Usije.

ESPERANCA: Na wakulima je? Msimu mzima wamehangaika.

BWANAHERI: Nitawaambia wasuluhishi hatuna shahidi. Watuamulie watakavyo.

ESPERANCA: Watasema mlidanganya. Watu wa Mtwara wataniona mwoga.

BWANAHERI: Mimi mwenyewe naogopa hapa, dada yangu. Nani atakuita mwoga?

ESPERANCA: Karani ananiashiria, dakika zimekwisha. Naenda Kilambo.

BWANAHERI: Usiende! Kaa na mtoto—

ESPERANCA: Graca yuko kwa Mwaisha. Nikichelewa, Bwana Katibu... Mwaisha ni jirani yangu, nyumba ya pili. Utamkumbuka?

BWANAHERI: Nitamkumbuka. Lakini Esperanca, subiri kwanza—

ESPERANCA: Kwaheri. Lori jingine la Kilambo linawashwa moto.

BWANAHERI: Esperanca? Haloo? ...Haloo?