Bei ya Mwisho ya Kwanza

Ndani ya basi la mwendokasi la Gerezani, msichana mmoja aligombana na simu yake mpaka mzee wa pembeni, muuza vitenge wa Kariakoo, akashindwa kuvumilia. “Binti, kulikoni?”

“Shikamoo. Soko langu limekufa. Hili gemu unajiandikia kanuni za dunia yake. Nimejenga Kariakoo, kesho naipeleka mashindanoni. Muuzaji akisema ‘bei ya mwisho’, mteja anaamini, anaondoka. Hakuna anayenunua!”

“Marahaba. Wateja wako wageni? Hiyo ni bei ya mwisho ya kwanza. Andika hivi: mteja akigeuka, aitwe.”

Mimi, kiti cha nyuma yao, nilifumba macho kwa adabu, nikafungua masikio. Binti akaandika. Kwenye simu wateja wakazunguka kama pia: wanageuka, wanaitwa, wanageuka tena.

“Waache watembee hatua tatu kwanza,” mzee alisema.

“Tatu chache, babu. Saba.”

“Saba keshaingia duka la jirani!”

Basi likasimama. Mzee akashuka bila kuaga, mgongo umenyooka kama wa mteja aliyekataa bei. Binti akamfuata mlangoni akihesabu hatua zake kwa sauti. Hatua ya tano uzalendo ukamshinda: “Babu, rudi tuongee!”

Mzee akaongeza mwendo.