Nani Alimuosha Shehe wa Bendera

Barazani kwa Bulaimu, pale Kindu, kahawa hunywewa baada ya swala ya asubuhi, na maneno hayaishi mpaka jua liwe kali. Siku hizo za fununu za vita na Wazungu huko chini ya mto, mgeni tulimpima kwa macho kwanza, salamu baadaye. Mimi ndiye niliyezidi. Hata jogoo mgeni nilimshuku. Sasa mwanamke mmoja alikuwa amefika kutoka Lokandu, na Kasimu alikuwa amemtembeza mjini. Tulimwita Kasimu Funguo, kwa kuwa alijipa mwenyewe ulinzi wa kaburi la Shehe wa Bendera, walii wa mji wetu, lililo karibu na lango la zamani. Alirudi peke yake, uso ameukunja.

— Ule mwanamuke iko na jambo.

— Jambo gani, Funguo? aliuliza Bulaimu akimmiminia.

— Nilimupeleka ku jiwe la mutoni, nikamuelezea namna jini lilimeza mutumbwi. Ye anauliza nani alikuwa anapiga kasia! Ku lango la zamani, pale simba alilala na watu wakamuruka, anauliza nani alikuwa mulinzi.

— Na ku kaburi? aliuliza Bulaimu.

— Alipiga magoti, akapapasa udongo.

Baruti, mpiga bunduki wa zamani, aliweka kikombe chini.

— Mupelelezi. Wazungu wanamutuma.

— Wazungu watume mwanamuke? aliuliza Kasimu.

— Njo maana! Nani atamushuku?

— Sisi, nilisema mimi.

— Hapana, alisema Bulaimu. Anatafuta pembe. Watu wanasema chini ya Shehe iko pembe za tembo.

Kasimu alishtuka. Kuku na mchele ambavyo watu walileta kaburini kwa nadhiri, vyote viliishia nyumbani kwake.

— Hakuna pembe! Iko Shehe, alitembea juu ya maji toka Lokandu, akafika na nguo kavu.

— Basi mwanamuke njo jini lenyewe, alisema Baruti. Shehe alilikanyaga mutoni, sasa linakuja kulipiza. Miguu yake uliitazama?

— Iko na vumbi.

— Jini la maji, na vumbi? alicheka Bulaimu.

— Njo ujanja wake!

— Musicheke, alisema Kasimu. Shehe mi nilimuzika na mikono hii.

— Wote tulikuwako, alisema Baruti. Mi nilipiga bunduki ya kumuaga.

Nami nikasema nilibeba jeneza. Neno hilo nilikuwa nimelisema mara nyingi mpaka nikaliamini.

— Hodi, baba zangu.

Alikuwa yule mwanamke, mlangoni mwa ua.

— Naitwa Safi. Bwana wangu Mbaraka alikuja huku na mizigo, ndui ikamukamata. Wenzake walisema alizikwa karibu na lango la zamani. Pale naona kaburi moja tu. Kadhi wetu anakataa nikae eda mpaka nilete mutu aliyeosha maiti yake, ashuhudie kama alikufa. Sasa mi si muke, si mujane.

— Ile njo ya Shehe, mama, alisema Kasimu upesi.

— Sawa, baba. Nimesikia wote mulikuwako. Basi yule Shehe, nani alimuosha? Aniambie tu alikuwa na sura gani, nitaenda kutafuta bwana wangu kwingine.

Baruti alitazama mtoni. Kasimu aliificha mikono yake ndani ya kanzu. Mimi niliona haya, kwa kuwa Shehe huyo sikuwahi kumwona, hai wala maiti, nikainama kama ninayetafuta kiatu. Bulaimu aliinamisha birika, yalitoka machicha.

— Kahawa imekwisha, alisema.

— Sikuja kunywa, baba.

Akaketi kando ya Kasimu, akaweka furushi lake mapajani.

— Nitangoja. Pengine mumoja atakumbuka.