Samaki Waliokufa Mikononi Mwangu

Shikamooni wazee wangu. Mmeniomba nisimame niseme yaliyonipata, nami nitasema, ingawa mengine mpaka leo sijayaelewa.

Wengi mnakumbuka tulivyoletwa hapa karibu na Tura kwa lori, serikali ilipotuhamishia vijijini. Mimi nilikuja mjane, bila mtoto, na nyumba yangu ya kule ilishabomolewa. Tukachimba bwawa la kijiji kwa majembe. Vifaranga wa samaki, perege, wakashushwa kituo cha treni wakiwa kwenye mapipa, na mkutano ukanichagua niwalishe. Ndugu zangu, nawaambia, nilifurahi! Walinizoea hata wakisikia miguu yangu wanapanda juu kudai pumba.

Asubuhi moja nikawakuta wanaelea, matumbo juu, bwawa zima.

Bwana samaki wa serikali akaja na baiskeli yake, akasema labda maji yamekosa hewa. Labda! Wengine wakasema ni mihogo iliyovundikwa huko juu mtoni, sumu yake ikashuka na maji. Ila wengi walisema ni mimi, nimewaroga. Nikisalimu, watu wanatazama pembeni. Nikaanza kuchanganyikiwa: labda kweli ni mimi? Labda nina kitu nisichokijua? Nikaogopa kuwamwagia kuku mtama, wasije wakafa nao.

Ukaitishwa mkutano wa kunifukuza.

"Arudi alikotoka," mmoja akasema.

"Nirudi wapi?" nikauliza. Kwa kweli nilikuwa nauliza, sikuwa nabisha.

Ndipo mama mmoja, simtaji maana hapendi, akasimama. "Nani hapa anajua kilichoua samaki?" Akatutazama mmoja mmoja. "Basi hatujui. Na huyu hajui. Mbona kwetu kutojua ni kutojua tu, kwake ni uchawi?"

Hakungoja jibu. Akanishika mkono, akaniita mama kwa kilugha. "Mayu, chukua jembe."

Tukashuka wawili kwenye matope, tukazika samaki, tukaanza kusafisha bwawa. Kesho yake akaja mwanamke mwingine, kisha mumewe. Mwenyekiti alipokuja, alikuja na koleo.

Vifaranga wengine wakaletwa. Siku ya kwanza kuwamwagia pumba nilibaki ukingoni mpaka jioni nikiwatazama. Wakakua. Kwa nini hawa wakakua na wale wakafa, msiniulize.

Nawashukuru mlioshuka matopeni, na wewe mama uliyetangulia, Mungu akuweke. Neno langu ni hili: mtu akipatwa, msingoje kujua sababu ndipo mmsogelee. Sababu yaweza isijulikane kamwe.

Nimemaliza. Perege wa leo nimewapika mimi. Karibuni mle.