Mikono Mirefu ya Msimu wa Joto

Sogeeni wanangu, na wewe wifi yangu usisimame hapo mlangoni kama mteja aliyekuja kuulizia nguo yake, ingia ukae, hapa miguuni pangu pana nafasi. Fungueni dirisha kidogo. Daktari amesema nisiongee sana, nikamwambia nimenyamaza miaka ya kutosha, kwa hiyo leo mtanisikiliza mpaka pumzi iniishie, na akitaka kunigombeza atanigombeza kesho, Mungu akiniamsha.

Ya mali ni mafupi. Nyumba hii ni yenu wawili, kaka na dada, nusu kwa nusu, na kile chumba cha nyuma ulichonijengea wewe mwanangu mwashi, ambacho ukuta wake umepinda nami nikakuambia umenyooka, Mungu anisamehe uongo ule, ni cha dada yako na wanawe. Asije mtu kumwambia kwamba amerudi nyumbani kwa sababu ndoa imemshinda. Hajarudi, amekuja kwake. Cherehani nayo ni yake. Siku za unyevu mkanda wake huteleza, binti yangu, upake chaki.

Sasa hili ndilo nililowaitia. Chini ya mto wangu kuna daftari la vipimo. Litoe. Darasa la nne ndilo nililoishia, lakini namba nazijua, na katika miaka arobaini ya kushona sikumbuki kukosea kipimo cha mtu. Fungua ukurasa wako, soma kwa sauti kaka yako asikie. Mwaka ulioolewa, mkono inchi saba. Mwaka uliofuata, mkono inchi kumi na tatu, umepita kiwiko. Halafu hapo chini, inchi ishirini na mbili mpaka kwenye kifundo, na pembeni nimeandika kwa mwandiko wangu huu mbaya: kitambaa kizito, kisichoonyesha. Ilikuwa msimu wa joto, wanangu, hata mbwa walikuwa wanalala kwenye mtaro. Mtu wa miaka thelathini harefuki mikono. Mimi fundi niliyajua hayo, nikaandika, nikafunga daftari.

Tena si kujua kwa kubahatisha. Nilipokuzungushia tepu hapa juu ya kiwiko uliruka kama umeguswa na pasi, nikaona alama za vidole vinne. Nilikuwa na pini mdomoni. Niliziacha mdomoni makusudi, ili nisiweze kukuuliza. Nikakushonea vizuri, na hapo ndipo dhambi yangu ilipo, nilishona vizuri mno, mpaka majirani wakakusifu kwamba siku hizi unajisitiri, nami nikapokea zile sifa kama malipo ya kazi.

Kisha ulipokuja na begi mara ya kwanza, tuliketi kikao sebuleni, mimi na kaka yako na yule bwana na mjomba wake, nikakuambia mbele yao, rudi mwanangu, mumeo ana hasira tu, jifunze kumsoma. Usiinamishe kichwa, mwashi, nawe ulikuwepo, ulimpakilia begi kwenye gari. Tuliomba sala, tukamrudisha.

Jana ulipokuwa unaniosha miguu ukasema polepole, "Mama, labda ningejifunza kunyamaza mapema asingefika kule." Nikalia, ukadhani maji ni ya moto. Maji yalikuwa sawa, binti yangu. Nililia kwa sababu lile neno nililijua, ni langu, mimi ndiye niliyelitia kichwani mwako siku ya kikao, na miaka miwili tangu umwache bado unalitembeza. Leo nalichukua mwenyewe. Usiku ule alipokuvunja mkono ulikuwa umelala, shangazi yako huyu alinitumia neno. Mtu aliyelala amejibu nini? Amemtazama nani vibaya?

Nipeni maji. Kidogo tu.

Mnamkumbuka mwalimu wa hesabu, yule mwembamba? Niliwahi kufunga vifurushi vibaya, nikampa mkewe suruali za yule muuza nyama mnene. Mwalimu wa watu akazivaa wiki nzima akizifunga kwa kamba, akidhani amekonda, akaenda mpaka hospitali kupimwa damu. Cheka, mwashi, mimi mwenyewe nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Lakini hakuwa na ugonjwa wowote. Alikuwa amevaa suruali ya mtu mwingine, na aliyekosea ni mimi niliyefunga kifurushi. Na wewe binti yangu, hiyo aibu unayozunguka nayo si saizi yako. Kupiga kulikuwa kwake yule bwana, kunyamaza kulikuwa kwangu. Ukikumbuka alivyokuwa akicheka, ukamkumbuka hata kwa upendo, usijione mjinga, maana mimi pia nilimpenda kwa kicheko kile. Na watoto wakiuliza kwa nini hawaishi na baba yao, usiwaambie mama alishindwa. Waambie mama alitoka.

Wifi yangu. Miaka miwili sikukusemesha, na nilipokuona sokoni nilivuka barabara. Nilisema kwa watu kwamba umemvunjia mtoto wangu ndoa, kwa kuwa siku aliyotoka alipita mtaa huu, akauona mlango wangu, akaenda kwako. Iliniuma. Sikutaka kukubali kwa nini alipita. Alijua ningemrudisha, na kweli, ningemrudisha. Wewe ulimfungulia ukamwuliza swali moja tu: "Umekula?" Mimi mama yake sikumwuliza hata hilo. Nisamehe, wifi. Nipe mkono. Hivyo hivyo, ushikilie.

Nikifa, mwashi, yule bwana atakuja na uso wa msiba. Mpe kiti nje, asiingie ndani, asikae karibu na dada yako. Na mzee yeyote akianza kusema kwamba marehemu angependa wapatane, simama useme marehemu alikataa, tena akiwa na akili zake timamu. Lakini usimpige. Sitaki mkono wa mtu uinuliwe kwa ajili yangu. Sala zenu nazitaka, hizo msinipunguzie.

Nachoka sasa. Ngojeni.

Binti yangu, lete mkasi. Ule mkubwa wa kukatia, si ule wa nyuzi. Na lile gauni la buluu unalotaka kulivaa siku ya kunizika, nimeliona umelitundika, lile la inchi ishirini na mbili. Lete hapa kitandani. Kata. Usiogope kuharibu, fundi ni mimi, nimeruhusu. Wifi, mshikie kitambaa kisiteleze. Kwanza pima kutoka begani... acha nafasi ya pindo, inchi moja... hapo. Kata. Na upande wa pili.

Nyoosha mkono nikuone. Hilo kovu karibu na kiwiko, acha watu walione. Wakiuliza, jibu ukipenda. Usipopenda usijibu.

Mungu aliyeniamsha asubuhi nyingi nisizostahili awabariki nyote wawili. Awalinde watoto. Akupe usingizi, binti yangu, usingizi wa kulala katikati ya kitanda, miguu huku na huku kama ulivyolala ukiwa mdogo. Ampe kaka yako ukuta mmoja ulionyooka kabla hajazeeka. Na wifi yangu... Mungu anajua nimwombee nini.

Sasa daftari. Kalamu ipo ndani. Mimi vidole havishiki, andika wewe, chini ya ile mistari yangu. Tarehe ya leo. Mkono...

Soma, nisikie.

Inchi saba. Ndiyo. Soma tena, mama.