Nondo Anapita Wapi?

Benchi letu liko ukingoni mwa lami, mbele ya kibanda changu cha kushonea viatu, na hakuna mtu wa mtaa huu anayekwenda sokoni, kanisani wala kaburini bila kutupitia. Tunawasalimia wote, tunawajadili wote, bure kabisa. Mama Kahawa anauza hapo mpaka saa kumi na moja jioni, kisha anafunika birika na kuondoka. Akishatupa kisogo, chini ya benchi kinatoka kidumu cha njano, na hicho hakina kahawa. Basi siku hiyo kijiwe kilikuwa kinachemka. Nondo, fundi wa kuchomelea mageti, aliyekuwa mlevi wetu kwa miaka kumi na moja, alikuwa anatimiza siku mia bila kugusa tone, na saa kumi na mbili angesimama kanisani kutoa ushuhuda. Kila jioni alikuwa kwenye maombi. Barabara ya kwenda huko ni hii moja. Na kwa siku zote mia, hakuna hata mmoja wetu aliyemwona akipita.

Aliyeanza ni Breki, dereva wa malori mstaafu, ambaye tangu astaafu hajui kusimama akianza kusema.

BREKI: Mia, jamani! Mia! Mimi nikikaa siku mia bila sukari nazikwa!

MAMA KAHAWA: Ni Yesu. Hakuna la kujadili.

BREKI: Yesu sawa, sibishi. Nauliza barabara. Anapita wapi? Mimi nasema mchungaji anampakia garini, anamlaza kiti cha nyuma, anamfunika turubai.

MAMA KAHAWA: Mchungaji ana baiskeli.

BREKI: Turubai linaenea hata kwenye keria!

Hapo akakohoa Profesa. Tunamwita hivyo kwa sababu husoma magazeti yote yanayofungiwa viatu vinavyoletwa kwangu, hata yawe ya mwaka juzi.

PROFESA: Ninyi mnafikiri kwa magurudumu. Wahenga walisema, njia ya mwongo ni fupi. Nondo kaacha uongo, kwa hiyo njia yake imekuwa ndefu. Anapita hapa hapa, ila amejitanda kanga.

MIMI: Nondo? Na mabega yale?

PROFESA: Jumanne kuna mwanamke alipita, mabega kama mlango. Nikamwamkia, akaitikia kwa kichwa tu. Anaficha sauti!

MAMA KAHAWA: Koma! Yule ni wifi yangu, alikuwa anaumwa jino!

Tulicheka mpaka benchi likalia. Ila mimi kicheko changu kilikuwa na uchungu. Miaka kumi na moja nimekaa bega kwa bega na mtu huyu, leo hata salamu sipati?

MIMI: Mnazunguka mbuyu. Ni majivuno. Kaokoka, sasa sisi takataka.

MAMA KAHAWA: Fundi, usimsingizie. Ungemwona siku ile ya kwanza. Alianguka pale mbele ya madhabahu, anatetemeka mpaka meno yanagongana. Mchungaji hakumfokea. Alikaa naye sakafuni usiku kucha, anamfuta jasho kwa taulo lake mwenyewe. Asubuhi Nondo akaomba maji. Maji! Watu wakalia.

BREKI: Siku hizi akija, anatokea upande gani?

MAMA KAHAWA: Sijui. Kila nikifika namkuta yupo tayari, anafagia mlangoni.

BREKI: Anafagia! Anafagia udongo wa nini? Handaki! Fundi wa vyuma yule, ana vifaa vyote. Kachimba kutoka uvunguni mwa kitanda chake mpaka chini ya mimbari!

PROFESA: Karibu umepata. Lakini ukweli ni huu: mtu akifunga na kuomba sana, mwili unakuwa mwepesi, jicho la mwenye dhambi halimwoni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame! Nondo kainama, sisi tumenyooka, tutamwonaje?

BREKI: Profesa, leo umeua!

MIMI: Basi tusitoke hapa mpaka apite. Hewa ikitikisika tu, namshika mkono!

Tukapeana mikono kwa makelele kama tumeshinda kombe. Ndipo akasimama mbele yetu mama mmoja mtu mzima, mgeni, ana mfuko wa plastiki.

MIMI: Shikamoo mama.

MAMA MGENI: Marahaba wanangu. Fundi ni nani? Nisafishie hivi, mwanangu avivae jioni. Nimefika jana, nimekuja kusikia ushuhuda wake.

Nikafungua mfuko. Vilikuwa viatu vya Nondo. Navijua, soli nimeziweka mimi. Vilikuwa na matope meusi mpaka kwenye kamba, tope bichi juu ya tope kavu, na harufu yake hata Breki aliijua. Ni mfereji wa maji machafu, ule unaopita nyuma ya karakana yake mpaka uani kwa kanisa.

MAMA MGENI: Leo asubuhi nimemsikia chumbani anasema, "Bwana Yesu, nivushe leo tu, ya kesho tutaongea kesho." Basi, ndiyo sala yake. Nafurahi. Lakini jana jioni alirudi hivi! Mimi nimekuja na lami, tazameni viatu vyangu, vikavu. Nilipomuuliza, akaniambia mfereji una hewa nzuri. Hebu niambieni ninyi mnaokaa hapa. Kwa nini mwanangu apite kwenye uchafu, na lami hii ipo?

Breki, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alifunga breki. Profesa akachukua gazeti la mwaka juzi akalisoma juu chini. Mama Kahawa alitazama tu chini ya benchi, mahali ambapo siku zote hujifanya hapaoni.

Mwaka jana Nondo alikuwa ameacha kwa nguvu zake mwenyewe, siku arobaini. Ya arobaini na moja alipita hapa, na tukampongeza. Tunajua namna moja tu ya kumpongeza mtu.

Nikainama, nikakitoa kidumu.

MIMI: Nakwenda kukimwaga mferejini.

MAMA KAHAWA: Mferejini ndiko anakopita! Lete hapa.

Akakibeba yeye, mkono mmoja birika, mkono mwingine kidumu, akaondoka kabla ya saa yake. Breki na Profesa wakaliinua benchi bila kuambiwa, wakalipeleka nyuma ya kibanda. Mimi nikasugua viatu. Nilivisugua kwa maji, kwa brashi, kwa rangi, mpaka nikauona uso wangu kwenye ncha, na sikuupenda.

MIMI: Chukua mama. Bure. Mwambie leo apite lami. Mwambie hakuna mtu atakayemwita.

MAMA MGENI: Ahsante, mwanangu. Nimwambie aliyesema ni nani?

Kamba za viatu nilikuwa nimeshazifunga. Nikazifungua, nikazifunga tena. Maana ile siku ya arobaini na moja, sauti iliyoita "Nondo, njoo ukae kidogo" ilikuwa yangu.