Mlinzi Aliyeandika Dakika Kumi na Moja

Baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye geti la shule yetu, mlinzi wetu anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Juni. Wanafunzi tunamwita Mzee Dakika, naye huitika bila kinyongo.

Alianza kazi shule ikiwa na madarasa manne tu. Siku ya kwanza alikabidhiwa daftari la wageni, na hajawahi kulifanyia mzaha. Kila anayepita huandikwa: nani, anakwenda wapi, ameingia saa ngapi, ametoka saa ngapi. Mwisho kuna safu ya maoni. Mwalimu mkuu aliwahi kuandikwa kwamba amechelewa dakika nne. Alikunja uso, kisha akatia sahihi. Fundi bomba mmoja aliandikiwa, "Ameingia na spana, ametoka bila." Spana ilipatikana ndani ya tangi la maji.

Wengi tulimcheka, mpaka yalipomfika Shangazi.

Shangazi ndiye mpishi wetu mkuu. Mwaka jana alianza kuona ukungu. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, tena macho yote mawili, na asipopasuliwa mapema atapofuka. Hakuhofu sana, kwa kuwa benki yake ilikuwa imemwuzia bima ya matibabu. Kumbe macho hayamo, isipokuwa mteja awe ameyaomba kwenye ukurasa wa tisa. Alipolalamika, benki ilimjibu kwamba afisa wao alimfuata jikoni, akamsomea masharti yote kwa saa nzima, naye akaridhika. Malalamiko yamefungwa. Yeye mwenyewe hakuulizwa hata neno moja.

Alikuja getini na barua ile, machozi yakimtoka.

"Saa nzima, kaka? Hata uji ulikuwa haujachemka! Aliniambia weka sahihi hapa, mama, mengine nitajaza mimi."

Mzee Dakika alifungua kabati la madaftari ya zamani, akapekua, akaweka kidole. Afisa wa benki. Jikoni. Kuingia saa 4:05. Kutoka saa 4:16. Maoni: ana haraka, amekataa kiti.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alitupa masharti yale tuyasome kwa sauti, kwa kupokezana. Yana kurasa ishirini na nane. Dakika kumi na moja zilipokwisha tulikuwa ukurasa wa tano, na hapo tulisoma mbio mbio.

Mzee Dakika na Shangazi wakaenda benki, daftari likiwa kwapani. Kijana wa dawati la malalamiko alitabasamu.

"Mzee wangu, daftari la geti si ushahidi."

"Sawa, mwanangu. Basi muulize afisa wenu, kama alikaa saa nzima, alitoka kupitia wapi, maana shule yetu ina geti moja, na juu ya ukuta kuna vipande vya chupa."

Shangazi anasema foleni nzima iliangua kicheko. Kijana akaomba nakala ya ukurasa ule.

Haikwisha siku hiyo. Zilihitajika barua nne na miezi miwili ya kwenda na kurudi. Hatimaye benki iliyafungua upya malalamiko, ikaomba radhi kwa maandishi, na bima ikakubali upasuaji. Jicho la kulia linapasuliwa Jumatatu ijayo, saa mbili asubuhi.

Watoto wa Shangazi wanaishi mbali, na peke yake hawezi tena kuvuka barabara ya hospitali. Kwa hiyo Mzee Dakika, ambaye sote tulidhani sasa atalala mpaka jua limchome, Jumatatu yake ya kwanza ya ustaafu ataamka alfajiri kama kawaida na kumpitia. Mkewe amelalamika kwamba mume wake hata kustaafu hajui, kisha akaahidi kuwafungia chakula.

Mzee wetu, asante kwa kumjali kila aliyeingia na kila aliyetoka. Tunakuombea afya, amani na miaka mingi ya kupumzika, kuanzia Jumanne. Jumatatu asubuhi, tukiwa mstarini, tutawaombea nyote wawili.