Mama Pua, Mwonjaji wa Bia Nyeusi (1955–2024)

Mama yetu, ambaye kazini na mtaani wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Pua, alizaliwa Jumatano, tarehe 9 Machi 1955, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi wa mabehewa na mshonaji. Jina hilo hakupewa kwa ukubwa wa pua, ingawa mjomba wetu atawaambia vingine. Akiwa na miaka sita, mama yake alikuwa akimwita jikoni anuse maziwa kabla hayajatiwa kwenye chai. Akikunja uso, maziwa yalimwagwa, hata kama wakubwa wote wameapa kwamba ni mazima.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya stesheni, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1976 akapata cheti cha ufundi wa maabara. Mwalimu wake wa kemia alimpiga marufuku kukaribia chupa wakati wa majaribio, kwa sababu alitaja kilichomo kabla wenzake hawajawasha hata moto.

Januari 1977 aliajiriwa katika kiwanda cha bia, kazi yake kuosha vyombo vya maabara. Miezi mitatu baadaye mkuu wa waonjaji alimsikia akinong'ona kwamba bia iliyobaki kwenye glasi ilinuka boksi lililoloa maji. Waonjaji wanne walikuwa wameshaipitisha. Mkuu akaionja tena, kisha akamwambia, "Kesho njoo ukae upande huu wa meza." Alikaa upande huo miaka thelathini na tatu, hadi alipostaafu mwaka 2010.

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na baba yetu, fundi seremala. Baba alikuwa hajawahi kugusa pombe, kwani babu yetu aliinywa kwa niaba ya ukoo mzima, na baba alimwahidi mama yake kwamba yeye hatalewa. Bibi alipoelezwa kazi ya mkwewe aliuliza, "Huwa unaitema?"

"Hapana, mama. Uchungu wa bia husikika kooni. Tunameza mafunda machache tu."

Bibi akamgeukia baba. "Basi umeoa mtu anayelipwa kumeza." Wakapatana hivyo hivyo, na mama ndiye aliyemuuguza bibi hadi mwisho wake. Ndoa hiyo ilijaliwa watoto watatu.

Mwaka 2016 mekanika mmoja aliyefanya naye kazi kiwandani alikodi gereji iliyofungwa, akaweka matangi manne, akamfuata mama nyumbani. Alitaka kupika bia nyeusi ya mtindo wa Ubelgiji: nzito, isiyotiwa tunda hata moja, lakini inayonukia matunda. Mama alimweleza kwamba matunda hayo huletwa na hamira ikipata joto linaloipendeza, nayo haipendi kuharakishwa. Pishi la kwanza aliliweka mezani baada ya funda moja. "Hii ni sukari iliyoungua, ndugu yangu, tena imeungua kwa hasira." Pishi la saba, Mei 2018, alifumba macho akataja polepole: zabibu kavu, tende, plamu iliyoiva sana, ndizi kidogo, karafuu kwa mbali, na mwisho kabisa ganda la mkate. Mekanika alilia. Mama akamwomba asilie karibu na glasi.

Februari 2021 mafua makali yaliondoka na uwezo wake wote wa kunusa. Hakumwambia mtu. Kwa wiki tatu pale gerejini aliinua glasi, akaitikia kwa kichwa kama kawaida, na akapitisha pishi lililokuwa limechacha. Wateja wakarudisha chupa kreti kwa kreti. Jumatatu, tarehe 8 Machi, alisimama mbele ya wafanyakazi wote saba.

"Sisikii harufu yoyote tangu mwezi uliopita," alisema. "Nimewadanganya. Niliogopa, sikujua bila pua mimi ni nani." Akavua aproni.

Mekanika akamjibu, "Dada, pua imeenda likizo. Uliyojifunza miaka arobaini hayajaenda popote. Aproni iache hapo hapo, utaikuta."

Siku ya tatu, mezani, baba akasukuma kikombe cha chai pembeni. "Mama nilimwahidi sitalewa. Kuonja sikuahidi. Mimi nitaonja, wewe utaniuliza." Alikuwa na miaka sitini na tisa.

Wakaenda gerejini pamoja. Baba akameza funda lake la kwanza maishani, uso umemkunjamana.

"Ina ladha gani?" mama akauliza.

"Ya bia."

"Umewahi kunywa bia?"

"Hapana."

"Sasa umejuaje? Niambie inakukumbusha nini."

Baba akafikiri sana. "Vumbi la mbao nyekundu. Halafu zile zabibu za keki ya harusi yetu, ulizokuwa ukinichomolea."

Mama akaandika daftarini: zabibu kavu, zipo. Kisha akafuta macho. Toka siku hiyo walikaa meza moja mara mbili kwa wiki, na kabla mwaka haujafika katikati baba alikuwa akitambua pishi linalotaka kuharibika mapema kuliko mtu yeyote pale.

Asubuhi ya tarehe 14 Oktoba 2021 baba alipita sebuleni na mkebe wa gundi. Mama, bila kuinua macho kwenye gazeti, akasema, "Funika hiyo gundi." Wakatazamana. Hawakusubiri kunywa chai. Gerejini mama aliionja bia nyeusi akasema, "Tende ipo. Plamu bado iko njiani." Plamu ilifika Desemba. Baba alitaka kurudi karakanani kwake moja kwa moja, mama akamkatalia.

Agosti 2023 madaktari walimkuta na saratani ya kongosho. Aliendelea na kazi hadi Machi mwaka huu. Aliposhindwa kumeza, baba alileta glasi kando ya kitanda, akaonja na kueleza, naye akasahihisha. Jumanne ya mwisho baba alitaja plamu.

"Mbichi au iliyoiva?"

"Imeiva."

"Basi wapakie chupani."

Alifariki nyumbani siku ya Alhamisi, tarehe 6 Juni 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa baba. Alikuwa na umri wa miaka sitini na tisa.

Ameacha mume, mabinti wawili na mwana mmoja, wajukuu watano, kaka na dada, wakwe, na wenzake wa matangi manne, ambayo sasa ni tisa. Baba ameomba tuseme hapa, ili asiulizwe na kila mtu, kwamba Jumanne atakwenda kazini. Kuna pishi jipya ambalo mama hakuwahi kulionja, na ameshasema hatalipitisha kwa kulionea huruma.

Mungu ampokee mama yetu, ampe pumziko jema.